Seti ya kuziba paa la turubai: nzuri, lakini anza na mifereji

Seti niliyotumia kwenye Mazda MX-5, gari dogo la viti viwili lenye paa la kitambaa linalokunjwa, ina chupa tatu: sabuni ya turubai mililita 500, dawa ya kuzuia maji ya kupuliza mililita 500, na kichupa kidogo cha gundi ya mishono. Naipendekeza, ila kwa sharti moja: usifungue chupa hata moja kabla hujajua maji yanaingilia wapi. Dawa hii inasaidia kitambaa kilichoanza kunyonya maji, na gundi inaziba mishono. Raba ya kuzunguka vioo iliyobonyea haitainuka kwa dawa, wala mfereji wa kutoa maji ya paa hautazibuka, na hayo mawili ndiyo huvujisha magari mengi ya aina hii.

Kupima kunahitaji watu wawili. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira usio na presha, akianzia chini ya vioo na kupanda juu polepole, dakika tatu kila sehemu. Ukianzia juu, maji yatateremka hadi chini na utalaumu mahali pasipo na kosa.

Zulia la nyuma ya viti likilowa huku kitambaa kwa ndani ni kikavu, tazama mifereji. Kwenye MX-5, maji ya sehemu ya nyuma ya paa hupokelewa na mkanda wa plastiki uliofichwa chini ya kitambaa, yakaelekezwa kwenye matundu mawili, moja kila upande karibu na mikanda ya usalama, kisha yakatokea chini ya gari mbele ya magurudumu ya nyuma. Majani na vumbi hugeuka tope humo. Mimina nusu lita ya maji kila upande. Yasipotoka chini papo hapo, pitisha uzi mnene wa plastiki kama ule wa mashine ya kukatia nyasi, ukiusukuma taratibu. Upepo wa kompresa uuache kabisa, kwa sababu unaweza kuchomoa bomba kwenye kiungo chake, na tangu hapo maji yote yataingia ndani ya bodi bila wewe kuyaona.

Raba zipime kwa kipande cha karatasi. Kibane kati ya raba na kioo, funga mlango, kisha kivute. Kikitoka bila kukaza, raba haigusi vizuri. Iliyo hai bado isafishe, uipake grisi ya silikoni. Grisi au mafuta yatokanayo na petroli huivimbisha na kuilegeza. Iliyopasuka ibadilishwe tu.

Baada ya hapo ndipo seti inapofaa. Kitambaa cha paa kina tabaka tatu, na linalozuia maji hasa ni lile la mpira lililo katikati. Dawa inafanya kazi kwenye tabaka la nje, lisilowe likawa zito na kuota ukungu. Kwenye mishono mambo ni tofauti: sindano imetoboa mpaka kwenye mpira, na uzi unavuta maji kama utambi. Kwa hiyo kwangu gundi ndiyo bora kuliko vyote katika seti hii. Bandika utepe wa karatasi pande zote mbili za mshono, paka mkono mmoja mwembamba wa gundi, subiri saa moja, rudia, kisha bandua utepe kabla gundi haijakauka kabisa. Ukipaka nene itapasuka mara paa litakapokunjwa. Brashi ya kichupa ni pana mno. Niliiacha, nikatumia ya kuchorea.

Sabuni ni ya wastani. Ukungu wa kijani ulihitaji kuoshwa mara mbili kwa brashi laini. Suuza mpaka povu liishe kabisa, maana sabuni iliyobaki kwenye nyuzi huvuta maji na dawa itaonekana haifanyi kazi hata ikiwa nzuri. Acha paa likauke siku nzima.

Funika vioo na rangi ya gari kwa nailoni kwanza, kwani madoa ya dawa kwenye kioo hayatoki kirahisi. Puliza kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, mkono wa kwanza kwa urefu wa gari, wa pili kwa upana, huku ukiacha dakika 15 katikati. Chupa moja ilitosha MX-5 na kubaki kidogo. Gari la viti vinne litahitaji mbili. Usikunje paa kwa saa 24. Na kama paa lako ni la vinaili (plastiki laini), si kitambaa, dawa hii si yako: haipenyi, inabaki juu ikinata.

Kioo cha nyuma kilichoanza kubanduka usikiguse kwa gundi hii. Hiyo ni kazi ya fundi wa turubai. Silikoni ya madirisha ndiyo mbaya zaidi: hubanduka, na mabaki yake huzuia gundi yoyote nyingine kushika.

Baada ya miezi sita maji bado yalikuwa yanaviringika juu ya paa, isipokuwa kwenye mikunjo, ambako kitambaa kilianza kuwa cheusi kikimwagiwa. Hapo niliosha na kupuliza mikunjo peke yake. Mishono haikuhitaji kuguswa tena.