Dave Dombrowski: Fundi wa Timu au Mmaliza Ghala?

Karibuni tena, ndugu zangu.  Leo mezani nina kofia hii ya Detroit Tigers, timu ya besiboli, imepauka kwa jua, na swali mnaloniuliza tangu nianze kuzungumzia besiboli: huyu Dave Dombrowski, meneja mkuu wa timu za besiboli Marekani, ni fundi kweli wa kujenga timu, au anamwaga tu hela za matajiri?

Kwa wageni, kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Meneja mkuu wa besiboli hapangi nani aingie uwanjani. Yeye anasajili, anaachia wachezaji na kupanga mikataba. Na huku Marekani huendi klabu nyingine na begi la hela kununua mchezaji, kama Simba na Yanga wanavyoweza kufanya. Ukimtaka mtu, mara nyingi unatoa watu. Kwa hiyo hela yenyewe hasa ni chipukizi. Wanaomlaumu Dombrowski wanasema anagawa chipukizi wote apate nyota wa leo, halafu anaondoka ghala likiwa tupu.

Mimi nimeipitia rekodi yake klabu kwa klabu, na lawama hiyo siikubali yote.

Twende Florida. Yeye ndiye meneja mkuu wa kwanza wa Marlins, timu iliyoanza kucheza 1993. Mwaka 1997 wakabeba ubingwa, mechi ya saba ya fainali, awamu ya 11 (kawaida mechi ni awamu tisa), Edgar Rentería akipiga mpira uliopita juu ya mrushaji na kuangukia katikati ya uwanja. Hata mwezi haukuisha. Mwenye timu, Wayne Huizenga, akataka gharama zishuke, nyota wakaondoka mmoja baada ya mwingine, na 1998 bingwa mtetezi akashinda mechi 54 na kupoteza 108.

Wengi wanafunga daftari hapo. Msifunge! Tazameni alichopokea katika kuachia wale nyota na katika miezi iliyofuata: Derrek Lee, Mike Lowell, Brad Penny. Mwaka 1999, katika mgao wa kila mwaka wa vijana wapya, akamchagua mrushaji Josh Beckett, na mwaka huohuo klabu ikamsaini kijana wa miaka 16 kutoka Venezuela, Miguel Cabrera. Mwishoni mwa 2001 Dombrowski akahamia Detroit. Oktoba 2003 hao wote watano, wakiwa Marlins, wakaifunga Yankees na kuchukua ubingwa. Beckett alirusha mechi yote ya sita kulekule New York bila kuruhusu alama hata moja. Na Detroit msimu huo? Walipoteza mechi 119. Mavuno ya shamba lake yalivunwa na wengine. Mtu wa namna hiyo humwiti mmaliza ghala.

Detroit nako alianzia chini kabisa. 2004 akamchagua mrushaji Justin Verlander, na kufikia 2006 timu iko fainali. Desemba 2007 akarudi Florida kumchukua Cabrera yuleyule. Alitoa vijana sita, Andrew Miller na Cameron Maybin wakiwa ndio tegemeo. Mwaka 2012 Cabrera akaongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga wa .330, homurani 44 (mipira inayopigwa hadi nje ya uwanja), na alama 139 alizozileta nyumbani kwa kupiga. Vyote vitatu kwa msimu mmoja, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya tangu 1967. Kabla ya hapo, Desemba 2009, alimwachia Curtis Granderson, kipenzi cha mji, watu wakamlaani. Katika mabadilishano yaleyale akaja mrushaji Max Scherzer.

Sasa kasoro yake, na hii inaniuma mwenyewe. Oktoba 13, 2013, Boston. Nilikuwa zamu ya usiku hapa Michigan, redio iko rafuni, sauti ndogo. Scherzer amerusha awamu saba, amewatoa wapigaji 13 kwa straiki, yaani bila wao kuupiga mpira ukaingia mchezoni, Tigers wanaongoza 5 kwa 1. Awamu ya nane wakaingia warushaji wa kumalizia. Besi zote tatu zikajaa wakimbiaji wa Boston, na akitolewa mpigaji mmoja tu zaidi awamu yao inaisha. Joaquín Benoit akaurusha mpira wake wa kwanza, David Ortiz akaupiga mbali kulia. Torii Hunter akaukimbilia, akapinduka juu ya ukuta, miguu hewani, na mpira ukaangukia ng'ambo. Alama nne kwa mpigo mmoja: tano kwa tano. Boston wakashinda 6 kwa 5 awamu ya tisa. Warushaji wa kuanza hodari kiasi kile, na bado miaka nenda rudi hakuwapatia watu wa kufunga mlango. Hilo ni lake, halina wa kusingiziwa.

Alipohamia Boston alikuta mtaji: Mookie Betts na Xander Bogaerts walikuwepo tayari. Akaongeza mrushaji Chris Sale na mpigaji J.D. Martinez, wakashinda mechi 108 mwaka 2018, na Sale akaufunga msimu wa ubingwa kwa slaida, mpira unaopinda, iliyompigisha goti Manny Machado wa Los Angeles kwenye fainali. Lakini bega la Sale lilikuwa limeshamsumbua mwaka huohuo. Machi 2019 akamwongezea mkataba wa miaka 5, dola milioni 145. Septemba Dombrowski akafukuzwa, na Machi 2020 Sale akafanyiwa upasuaji wa kiwiko.

Baadaye akahamia Philadelphia, akawafikisha fainali 2022, wakafungwa na Houston. Hakuna bosi mwingine wa usajili aliyewahi kuzipeleka klabu nne tofauti fainali.

Ningekuwa na timu yangu, ningempa mamlaka yote ya kubadilishana wachezaji, asiniulize hata mara moja. Mikataba mirefu ya warushaji wanaogonga miaka 30, hiyo ningemwachia mtu mwingine aisaini.