Kliniki ya Crohn wakati wa korona: dawa sawa, jipu je?

Nyota 4 kati ya 5.

Mimi ni dereva wa basi hapa London, na Crohn yangu, ugonjwa sugu wa uvimbe wa utumbo, imechagua pahala pabaya, samahanini: pembeni mwa njia ya haja kubwa. Nina fistula, yaani njia iliyojitoboa kutoka utumboni hadi kwenye ngozi, iliyotiwa setoni, uzi unaopitishwa kwenye tundu na kufungwa kitanzi ili usaha uendelee kutoka, usituame ukawa jipu. Kushika usukani kutwa nzima ukiwa na kitu hicho, anajua Mungu.

Nchi ilipofungwa Machi 2020, kliniki yetu ya wagonjwa wa nje ilihamia kwenye simu. Kwa upande wa dawa, sina neno. Nesi alipiga saa ileile aliyoahidi, akanisihi nisiache infliksimabu, dawa yangu ya kutuliza Crohn, kwa kuogopa virusi, kwani ugonjwa ukiamka ningerudishwa kwenye steroidi, na hizo ndizo walizoziogopa zaidi. Baadaye, badala ya dripu ya kila wiki 8 hospitalini, nikahamishiwa sindano ya kujidunga nyumbani kila wiki 2. Mke wangu alinisomea maelekezo kama waziri anayesoma bajeti.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya daktari wa zamu. Nilimweleza kwa simu kwamba nina homa na uvimbe unaopwita, akaniandikia antibiotiki, basi. Jamani, jipu la huko halitibiwi kwa masimulizi! Lazima mtu alitazame, na usaha utolewe. Eti nipige picha nimtumie. Hebu jaribuni kujipiga picha sehemu hiyo, peke yenu chooni, ndipo mtanielewa.

Nikaigeukia laini ya manesi. Dada aliyepokea aliuliza maswali mawili matatu tu, kisha: njoo leo, mapema, tumbo tupu. Mlangoni nikapimwa joto na kupewa barakoa mpya. Viti vilipigwa alama ya X, kimoja ndiyo, kimoja hapana. Mimi nikasimama, sababu mnaijua. Daktari wa upasuaji hakuhitaji hata dakika tano kuona kwamba setoni imekatika na jipu limeiva. Likapasuliwa siku hiyohiyo, nikawekewa uzi mpya, picha ya MRI ikafuata.

Mnaotibiwa hapo, wekeni namba ya manesi karibu. Miadi ya simu inatosha kwa majibu ya damu na kuongezewa dawa. Ukiwa na homa na uvimbe, dai kuonwa.