Mashine ya dizeli ya boti: kabla ya kuuliza hospawa, fungua elbo

Kusi likianza kuvuma na boti nyingi zikapandishwa pwani, jumbe huanza kuingia kwenye simu yangu. Mwaka huu karibu zote ni za aina moja. Dalali kampigia mtu, kuna injini ya dizeli ya baharini imeshuka na kontena, jina lake halijapata kusikika hapa Tanga, na lazima iamuliwe leo kabla ya jioni. Picha ya kibati, kile chenye jina na namba ya injini, inatumwa: "Dada, hii vipi?" Angalau hao wanauliza. Kaka mmoja wa Kigombe hakuuliza. Alinunua, akafunga, na mwezi wa pili akachomoa kijiti cha oili akakuta oili nyeupe, yaani maji yameingia ndani.

Hospawa (nguvu ya farasi), ulaji wa mafuta na uzito sitavigusa. Hayo fundi yeyote pale Deep Sea atakueleza hata usipomuuliza. Ninachotaka kukisema hakuna anayekisema: elbo ya ekzosi, yaani kona ya bomba la moshi.

Mashine nyingi za baharini hutoa moshi pamoja na maji. Nyuma ya manifoldi, inayokusanya moshi wa silinda, kuna kona ya chuma cha kalibu, ndiyo elbo yenyewe, na hapo moshi wa moto hukutana na maji ya chumvi yanayotupwa nje. Chumvi, masizi na tindikali ya salfa hukaa pamoja mahali padogo, kwenye joto kali. Masizi hubana njia, mashine ikashindwa kupanda mzunguko na kutoa moshi mweusi, nawe unatozwa hela ya kusafisha nozeli za kupuliza mafuta zisizo na kosa. Chumvi nayo hula ukuta wa ndani huku nje rangi inang'aa. Ukuta ukitoboka, maji huanza kurudi kinyumenyume kwenye manifoldi, yakapita kwenye valvu iliyobaki wazi na kukaa juu ya pistoni usiku kucha. Asubuhi unapiga stata. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo kinachopinda ni konirodi, ule mkono unaoshika pistoni.

Hata elbo nzima itakuponza ikikaa chini. Inatakiwa iwe juu ya usawa wa maji kwa nafasi ya kutosha, na kama haiwezekani, bomba la maji lipandishwe juu na kufungwa valvu ya kuingiza hewa, maji yasije yakajivuta yenyewe mashine ikiwa imezimwa. Mafundi wetu hupima mashua ikiwa tupu ufukweni. Halafu hiyohiyo inapakia magunia mpaka tezi, yaani nyuma ya chombo, inakaribia kunywa maji, inaondoka kwenda Pemba. Pima ikiwa na mzigo.

Na wanaoingia mto Pangani wakati wa masika wajue tope lile husaga impela, lile panga linalosukuma maji ndani ya pampu. Maji ya kupozea yakipungua, elbo huwaka moto na mpira wa ekzosi huungua kabla geji haijakwambia kitu.

Sasa hilo jina geni kwenye kibati. Injini ndogo nyingi za baharini ni bloku (mwili wa injini) ya kampuni nyingine iliyovalishwa mavazi ya baharini. Beta ya Uingereza na Nanni ya Ufaransa wanatumia bloku za Kubota. Volvo Penta MD2030 asili yake ni Perkins. Basi uliza kwanza bloku ni ya nani. Pistoni, ringi na gasketi utazitafuta kwa jina la mwenye bloku. Mavazi, yaani manifoldi, kipozeo, pampu ya maji ya chumvi na elbo, yatabaki ya aliyeandika jina lake kwenye kibati, kwa bei atakayo yeye. Wengi wanasoma bloku, wanafurahi, wanasahau mavazi.

Namba moja kwangu ni Yanmar, na sifichi kwamba ninaipendelea. Siyo kwamba elbo zake haziozi. Zinaoza, tena sana. Lakini umbo lake linajulikana dunia nzima kiasi kwamba viwanda vingine vinazitengeneza, hata za chuma cha pua, kwa hiyo hushikwi koo na muuzaji mmoja. Kibati chake pia kinasomeka: kwenye 1GM10, 2GM20 na 3GM30 tarakimu ya mbele ni idadi ya silinda, na za nyuma ni hospawa kwa kukadiria. Namba ikimalizikia kwa F, ndani ya bloku yanazunguka maji yasiyo na chumvi yenye kulanti (dawa ya kupozea), na chumvi inaishia kwenye kipozeo. Bila F, bahari yenyewe inapita ndani ya bloku. Hiyo ya pili huendeshwa kwa joto la chini ili chumvi isigande, na ikizeeka vijia vya maji huziba polepole. Chukua yenye F. Kisha tafuta kifuniko kama cha radieta juu yake, kwa sababu F isiyo na kifuniko imeandikwa na dalali. Ukipata 3YM30, ambayo ni ya kizazi cha baadaye, usibishane sana juu ya bei.

Ya pili ni hizo za bloku ya Kubota, Beta au Nanni. Bloku haina maneno. Ila agiza elbo ya akiba kabla hujaanza safari.

Ya tatu ni Perkins. Ile ndogo, 4-108, inajulikana kwa kuvuja oili, na mwenye nayo huzoea kuweka karai chini yake. Kwa jahazi ningeitazama 4.236. Ni nzito, lakini ni ndugu wa zile zilizofungwa kwenye matrekta ya Massey Ferguson, na mkoa huu wenye mashamba ya mkonge haujakosa mafundi waliokulia kwenye matrekta hayo. Zilivalishwa na kampuni nyingi, umbo la elbo si moja, hivyo mchomeleaji mzuri anaweza kukutengenezea. Mwambie chuma cha pua cha 316, daraja linalovumilia chumvi zaidi ya 304. Akikuletea 304 kwa kuwa "ni kilekile tu", ondoka naye dukani mkakibadilishe.

Volvo Penta naiweka ya nne. Mashine nzuri, tulivu, lakini ukiulizia spea zake utakaa chini kwanza.

Za Kichina za silinda moja, S195 na wenzake, ni rahisi, zina ekzosi kavu, yaani moshi hutoka bila maji, na hazina elbo ya maji. Zinatikisa mbao mpaka kalafati inalegea. Bomba lake liweke mbali na mbao.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji. Mashine inashuka kamili, kisha inachinjwa: giaboksi inauzwa peke yake, paneli ya swichi peke yake, elbo kama ni nzima inauzwa kwa mwingine na wewe unabandikiwa ya zamani iliyopulizwa rangi. Bei inatajwa kwa dola, kama vile tuko Dubai. Majaribio yanafanywa kwa pipa la maji ya bomba, dakika chache, mashine haijapata hata moto.

Ukienda, beba spana, bisibisi ya klipu, tochi na kipande cha waya. Legeza mpira, fungua nati, chungulia ndani na uchokoe. Waya ukizama ndani ya ukuta, hiyo elbo imekwisha. Toa bei ya mpya kwenye bei yake na umdai gasketi. Wapo watakaokwambia "ukifungua, umenunua". Sheria hiyo sijui waliitoa wapi. Mwenye kusema hivyo mwachie mashine yake, naye atakupigia simu kesho kutwa na bei nyingine.