Mjomba si ami: kamusi ya Bosworth na Toller mtandaoni

Mfasiri wa Kiswahili hulijua tatizo hili: Kiingereza cha leo humwita mjomba na ami kwa neno moja, na mara nyingi hulazimika kusoma kurasa kadhaa mbele ili kujua kama anayetajwa ni ndugu wa mama au wa baba. Zamani Kiingereza hakikuwa hivyo. Njia nyepesi ya kulithibitisha hilo ni kamusi ya Kiingereza cha Kale ya Joseph Bosworth na T. Northcote Toller, iliyochapishwa mwaka 1898, ambayo Chuo Kikuu cha Charles, Prague, kimeiweka mtandaoni bila malipo.

Nilianza na kidahizo (neno linalofafanuliwa katika kamusi) «ēam», nikaelezwa kuwa ni ndugu wa kiume wa mama, pamoja na neno la Kilatini avunculus. Kwenye «fædera» nikakuta patruus, yaani ami. Kilatini hicho, kinachowachosha wasomaji wengi, kwetu ni msaada, kwa sababu kinatenga upande wa mama na wa baba sawasawa na Kiswahili. Katika Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha Kale, Sigemund na Fitela wanatajwa kwa maneno «ēam his nefan», na mtu wa pwani atayafasiri papo hapo: mjomba na mpwawe.

Kwenye asili ya maneno, kamusi haichimbi sana. Anayetaka kujua kwamba sehemu ya kwanza ya ēam, kama ya Oheim ya Kijerumani na oom ya Kiholanzi, ina shina moja na avus, babu kwa Kilatini, na awō, bibi katika Biblia ya karne ya 4 ya Kigothi, lugha ya kale iliyo jamaa ya Kiingereza na Kijerumani, atahitaji kamusi ya etimolojia pembeni. (Oom, kwa njia, limefika hadi Afrika Kusini, ambako wasemaji wa Kiafrikana humwita hivyo mwanamume yeyote aliyewazidi umri, awe ndugu au asiwe.)

Bosworth alifariki mwaka 1876, na herufi za mwanzo, ambazo ndizo zenye ēam na fædera, hazikuandaliwa kwa uangalifu ule ambao Toller aliutumia baadaye. Ndiyo maana nyongeza yake ya mwaka 1921 inazirekebisha sana. Kabla ya kunukuu, tazama kama kidahizo hicho kimo pia katika nyongeza.