Tiki ya Kijani na Mikopo ya Dharura: Uzoefu Wangu na Programu ya Kuchora Michakato ya Kazi

Nimeahirisha kuandika maoni haya mara nyingi, kwa sababu kila nilipoanza hasira ilinizidi nikajikuta naandika maneno ambayo nisingependa mama yangu ayasome. Leo nimetulia kiasi. Ninayoilalamikia ni programu ya kuchora michakato ya kazi kwa alama za BPMN (kiwango cha kimataifa cha kuonyesha hatua za kazi kwa maumbo na mishale), ambayo ofisi yetu ndogo ya kutengeneza mifumo, hapa Morogoro, iliilipia usajili kupitia wakala aliyeko Dar es Salaam. Sitaitaja jina, wala sitaeleza bei na vifurushi vyake, kwa kuwa hayo yote yamo kwenye tovuti yao yakiwa yamepambwa kuliko bibi harusi. Shida yangu ni moja, nayo ni alama ya tiki ya kijani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya chama cha akiba na mikopo, SACCOS ambayo wanachama wake wengi ni wafanyabiashara wa sokoni. Zamani, tulipopata kazi ya namna hii, tulikuwa tunaandika maelezo ya kurasa arobaini, mteja anasaini ukurasa wa mwisho bila kuusoma wa kwanza, na ugomvi unaanza siku ya kukabidhi mfumo. BPMN ndiyo iliyotutoa huko, na katika hilo sina ubishi. Kiwango hicho kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na toleo la 2.0 la mwaka 2011 ndilo lililokuja na muundo rasmi wa faili la mchoro, ambalo mfumo unaweza kulisoma na kuliendesha, hivyo kile anachokiona mteja ukutani ndicho hicho kinachofanya kazi ndani ya kompyuta. Duara la mstari mwembamba ni mwanzo, la mstari mnene ni mwisho, mstatili ni kazi ya mtu au ya mashine, na almasi ni njia panda. Almasi yenye alama ya kujumlisha hufungua njia zote kwa pamoja, na ikiwekwa pale njia zinapokutana husubiri mpaka zote zifike; yenye alama ya X huruhusu njia moja tu. Ofisini kwetu tunafundishana kwa kete za bao: unaisogeza kete juu ya karatasi ukifuata mishale, na pale kete ilipo ndipo ombi la mwanachama lilipofikia.

Mchoro wangu ulikuwa wa kawaida kabisa. Ombi la mkopo linaingia, almasi ya kujumlisha inaligawa mara mbili: mhasibu anakagua akiba za mwanachama, na wakati huohuo afisa mikopo anakagua wadhamini. Pande zote mbili zikikamilika zinakutana kwenye almasi nyingine ya kujumlisha, kisha ombi linakwenda kuidhinishwa. Mkopo wa dharura, kwa taratibu za chama hicho, hauhitaji wadhamini, kwa hiyo upande wa wadhamini niliweka almasi ya X: ikiwa ni mkopo wa kawaida, kagua wadhamini, ikiwa ni wa dharura, hakuna cha kukagua, na mshale unaishia kwenye duara nene. Nilibofya kitufe cha kuhakiki. Tiki ya kijani ikatokea, na chini yake maneno kwamba hakuna kosa lililoonekana. Tulijaribu maombi kadhaa, yote ya mikopo ya kawaida, yote yakapita. Tukauwasha mfumo.

Baada ya kama wiki hivi nilikuwa ofisini kwa mteja kwa shughuli nyingine kabisa. Kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja anayeuza dagaa, simu mkononi, mtoto wake amelazwa. Alikuwa ameomba mkopo wa dharura, na kwa siku tatu kila alipouliza alijibiwa kwamba ombi lake linashughulikiwa. Afisa mikopo, mwanamke mtu mzima ambaye pale kila mtu humwita Mama Mikopo, alimwonyesha kioo cha kompyuta. "Tuvumilie, mama, bado linashughulikiwa." Yule mama alikiangalia kioo, kisha akasema, "Na mgonjwa naye wanasema anashughulikiwa." Hakupaza sauti. Meneja akaandika hati ya malipo kwa mkono, akalipwa siku hiyohiyo, lakini mimi nilitamani sakafu ipasuke. Maombi yote ya dharura yaliyoingia tangu tuuwashe mfumo yalikuwa yamekwama, huku ya watu wanaonunua friji yakipita bila shida.

Sababu niliipata jioni ile. Ile almasi ya kujumlisha husubiri kete mbili. Kwa mkopo wa dharura kete ya upande wa wadhamini ilikuwa imekwenda kufia kwenye duara nene, kwa hiyo ya mhasibu ilifika, ikasubiri, na ingesubiri mpaka kiama. Kosa ni langu, nakiri. Nilitakiwa kuupeleka ule mshale kwenye makutano, siyo kwenye mwisho. Nikauhamisha kwa haraka, nikabofya kuhakiki, tiki ya kijani ikatokea tena bila aibu yoyote, nikaupandisha mchoro mpya usiku uleule nikalala.

Asubuhi hakuna mkopo uliopita. Siyo wa dharura, siyo wa kawaida. Hapo ndipo nilipompigia simu wakala.

Naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hapa ndipo penye kidonda. Nilimsalimia. Kijana aliyepokea, ambaye kwa sauti ningemkadiria kuwa rika la mdogo wangu wa mwisho, hakuitikia. Aliniuliza namba ya usajili. Nikampa. Nikamweleza hali ilivyo, kwamba chama kizima kimesimama na wanachama wamejaa mlangoni. Akafungua mchoro wangu upande wake, nikamsikia akibofya, kisha akasema mchoro hauna kosa, tiki ni ya kijani. Nikamwambia hilo ndilo hasa ninalolilalamikia. Akanijibu, na maneno haya nimeyahifadhi kama yalivyo: "Kaka, sisi tunauza kalamu. Hatuuzi akili." Kisha akaniuliza kama kuna jambo jingine angependa kunisaidia.

Nimefikiri mno kuhusu jibu hilo, na bado naona halisimami. Kalamu haimwambii mtu kwamba alichoandika ni sahihi. Ungekuwa umeniuzia kalamu tupu, ningejua kwamba kusahihisha ni juu yangu, ningekaa na karatasi na kete zangu kama zamani. Lakini umeniwekea tiki, tena ya kijani, halafu inapobainika kwamba tiki hiyo ilikagua tu kama mishale imegusa maumbo yanayoruhusiwa, na haikuangalia kabisa kama kazi itafika mwisho, unanigeuzia kibao kwamba sina akili. Ni sawa na fundi umeme anayekuhakikishia kuwa nyaya zote zimeshika vizuri, bila kukwambia kwamba hakuwasha swichi kuu.

Aliyelitambua kosa ni Mama Mikopo. Nilikuwa nimechapisha mchoro kwenye karatasi kubwa nikaubandika ukutani kwake, nikimwelekeza mmoja wa vijana wangu jinsi tutakavyorudi kwenye toleo la zamani, naye akaja na kikombe chake cha chai akasimama nyuma yetu. Akaweka kidole kwenye makutano. "Mlinifundisha kwamba huyu hatoki mpaka wote wafike. Sasa wanaoingia hapa ni wangapi?" Nikahesabu mishale: mmoja wa mhasibu, mmoja wa wadhamini waliokaguliwa, mmoja wa dharura niliouhamisha jana. Mitatu. "Na hawa wawili wa huku si anapita mmoja tu?" Nilinyamaza. Almasi ya kujumlisha huhesabu mishale inayoingia, na niliiongezea wa tatu ambao kwa ombi lolote lile usingeweza kufika pamoja na wenzake. Ilitakiwa ile njia ya wadhamini na ile ya dharura zikutane kwanza kwenye almasi ya X, halafu mshale mmoja tu utoke hapo kwenda kwenye makutano. Marekebisho yalichukua dakika kumi, na mpaka saa nane mchana mikopo ilikuwa inatembea.

Mama huyu hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kuipa huduma hii alama ya chini kama nilivyokusudia nilipoanza kuandika. Katika zile kurasa arobaini za maelezo asingeliona kosa lile hata angepewa mwezi mzima, lakini kwenye mchoro aliliona akiwa amesimama na kikombe. Programu hii, kwa upande wa uchoraji, ni nzuri. Mistari inajipanga yenyewe, maandishi hayapandani, na karatasi ikichapishwa inasomeka kutoka mbali. Ni haki kuyasema hayo.

Ila nikiyasema hayo nakumbuka jambo jingine, na damu inapanda upya. Uwezo wa kuendesha kete juu ya mchoro kabla mfumo haujawashwa, na wa kuonyesha mahali zitakapokwama, wanao! Nimeukuta baadaye, ndani ya kifurushi cha juu ambacho ofisi ya watu wanne haiwezi kukilipia. Siyo kwamba ni elimu mpya inayohitaji kulindwa kwa gharama. Mjerumani Carl Adam Petri aliweka msingi wa michoro ya aina hii katika tasnifu yake ya mwaka 1962, na tangu hapo wanahisabati wameonyesha namna ya kupima kama mchakato uliochorwa unaweza kukwama njiani. Maelezo rasmi ya BPMN nayo yanaeleza mwendo wa kazi kwa kete hizohizo. Kwa hiyo wanajua. Wanakuuzia tiki kwa bei ya chini na ukweli kwa bei ya juu.

Nilijaribu kuhama. Nilitoa faili la mchoro nikalifungua kwenye programu nyingine isiyo ya malipo, na kwa kuwa kiwango ni kimoja, maduara, almasi na mishale vyote vilitokea mahali pake bila kupotea hata kimoja. Nikafurahi kwa takriban nusu saa. Kisha nikagundua kwamba fomu za kujazwa, na orodha ya nani apewe kazi gani, havikuja, kwa sababu hivyo kila kampuni huviandika kwa namna yake ndani ya faili lilelile. Kuvijenga upya kwa wateja wote tulionao ni kazi ya miezi, nami sina miezi hiyo.

Nyota nilizokusudia zilikuwa moja. Kwa ajili ya Mama Mikopo na ile karatasi ukutani nikazifanya nne, na kwa ajili ya yule kijana nimezirudisha mbili. Labda tatu, kesho nikiamka vizuri. Usajili wetu unakaribia kuisha na mhasibu wetu ameniuliza kama alipie mwaka mzima. Nimemwambia alipie miezi mitatu tu, na wakimpigia simu kuuliza sababu, asubiri wamsalimie kwanza.