Polishi tatu za Tamiya kwenye Land Cruiser jeusi la sentimita 20

Rangi nyeusi ni ya kujitafutia matatizo. Nililijua hilo, lakini Land Cruiser 80 nilizokuwa nikizikodolea macho Kamalondo, hapa Lubumbashi, nikiwa mtoto, kichwani mwangu zote ni nyeusi. Basi nilipopata seti ya gari hilo la plastiki la kuunganisha, ya Tamiya, kampuni ya Japani, kwa kipimo cha 1/24 (dogo mara 24 kuliko gari lenyewe), nikaipulizia nyeusi ya TS-14, rangi ya kopo ya Tamiya hao hao, nikafunika kwa vanishi yao isiyo na rangi, TS-13, nikatoka nayo uani kuiangalia juani. Bodi nzima ilikuwa na vipele kama ganda la chungwa.

Kwa gari kubwa ningesema si kitu. Lakini kipele cha nusu milimita kwenye 1/24 ni kama uvimbe wa milimita 12 kwenye gari lenyewe. Hakuna garaji ingekurudishia gari namna hiyo ukalipokea.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Jirani yetu ana kopo la polishi ya garaji, ile nzito ya kutoa mikwaruzo, nikaomba kidogo. Dakika tatu za kusugua, ukingo wa boneti ukatoka mweupe: nimeshapita vanishi, nimepita rangi, niko kwenye plastiki. Polishi haikuwa mbaya. Imetengenezwa kwa vanishi ya kiwandani ya mikroni 40 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), tena iliyo ngumu, na mimi nilikuwa nimepuliza utando mwembamba nikiogopa kuharibu stika. Nikaosha, nikapuliza upya.

Hapo ndipo nilipoagiza mirija ya polishi ya Tamiya kupitia ndugu aliyekuwa Johannesburg. Iko mitatu: Coarse, yenye chembe kubwa, Fine, ya kati, na Finish, ya kumalizia. Wakati naisubiri, nilienda kukaa na mzee mmoja mtaani anayechonga na kung'arisha malakiti, lile jiwe la kijani. Nikamwambia: papa, nifundishe kusugua. Akanionyesha anavyoanza na msasa mkali, maji mengi, akishuka ngazi moja moja mpaka jiwe linaonyesha uso wako. “Mwanangu, ukiruka ngazi moja, mkwaruzo utakusubiri mwishoni,” akasema.

Nilimtii nusu. Kwenye malakiti kuna jiwe nene la kusugua. Kwenye bodi yangu hakuna. Kwa hiyo kushuka nimeshuka kama yeye, ila sikuanzia juu alipoanzia yeye. Nilisugua vipele kwa msasa wa maji wa namba 2000, ulio laini sana, taratibu, mpaka mng'ao ukafa na uso ukawa wa ukungu mmoja, kisha nikaingia moja kwa moja kwenye Fine.

Fine ndiyo iliyonifanya niandike haya. Tone la ukubwa wa punje ya mchele kwenye kitambaa laini, kidole kimoja, bila kukandamiza. Mwanzoni unaona ukungu tu, unadhani umepoteza pesa. Halafu paa linaanza kurudisha taa ya dari, kwanza kama doa, baadaye unaona hadi waya wake. Finish inafuata kwa kazi ndogo: kutoa mistari myembamba inayoonekana ukiinamisha bodi kwenye mwanga. Kwenye rangi nyeupe ningeiacha. Kwenye nyeusi huwezi.

Kila polishi ina kitambaa chake, na hapa Lubumbashi hilo ni la kushikilia. Kiangazi vumbi jekundu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na punje moja kwenye kitambaa cha Finish inachora kuliko Coarse yenyewe. Mimi nafanyia kazi chooni, nikiwa nimemwaga maji sakafuni kwanza. Mke wangu ameshazoea.

Kingo nilizibandika utepe mpaka dakika za mwisho, maana rangi hukimbia kingo, hapo ndipo utando ni mwembamba kuliko kote. Polishi nyeupe iliyojaa kwenye mistari ya milango ilitoka kwa mswaki mzee na maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Na kabla ya yote, nusa bodi: ikiwa bado inanuka rangi, iache. Mara ya pili nilisubiri siku kumi.

Rafiki zangu wanaapa kwa dawa ya meno. Nimeijaribu kwenye kioo cha plastiki, ikasaidia. Kwenye vanishi siiamini: kila aina ina chembe zake, na hakuna iliyoandikwa ukubwa wake.

Mirija ni midogo, mililita 22, lakini baada ya bodi mbili Fine bado imejaa zaidi ya nusu. Coarse nimeifungua mara moja tu, kwa tone la rangi lililogandia chini ya mlango. Ndugu yako akisafiri, mtume Fine na Finish, na hela ya Coarse inunue kopo la pili la vanishi.