Matembezi ya Kura Tatu jijini Dar es Salaam: yanafaa sana, ila yameiruka Tabora

Kampuni moja ndogo ya kutembeza wageni huandaa matembezi ya asubuhi kuhusu uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, kuanzia Mtaa wa Lumumba, ilikozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954, hadi Ukumbi wa Karimjee, ambamo baraza hilo lilikuwa likikutana. Nimeyapenda, na natamani vijana wanaodhani kwamba uhuru ulipatikana kwa hotuba za viwanjani peke yake wayahudhurie.

Sehemu iliyo bora ni zoezi la kupiga kura. Kabla ya kugawa karatasi, mwongozaji alitutaka tujibu kwa niaba ya babu na bibi zetu: nani alikuwa ametimiza miaka 21, na nani alikuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa na serikali? Wengi tuliwekwa kando, pamoja na mama mmoja ambaye babu yake alilima pamba Usukuma lakini hakuwahi kukaa darasani. Waliobaki walipewa karatasi yenye orodha tatu, ya Waafrika, ya Waasia na ya Wazungu, wakatakiwa kuchagua mtu mmoja katika kila orodha. Aliyeacha orodha moja wazi, kura yake yote iliharibika. Ukiishika karatasi ile ndipo unapoelewa kwa nini TANU ililazimika kuwaunga mkono wagombea wasio Waafrika kama Sophia Mustafa, aliyekuwa Mwasia, na Wazungu Derek Bryceson na Lady Chesham.

Kasoro yake ni kubwa, nami naisema kwa sababu huduma hii inastahili kuwa bora zaidi. Uamuzi wa TANU kushiriki umepewa sentensi moja tu, ilhali katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 wajumbe wengi walitaka uchaguzi ususiwe, wakiuona mfumo huo kuwa ni dhuluma, na kwa kweli ulikuwa dhuluma. Nyerere aliwashawishi kwamba kususia kungewaachia viti wapinzani wao wa United Tanganyika Party (UTP), chama kilichopendelewa na Gavana Twining. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuunda chama chake cha African National Congress (ANC) cha Tanganyika. Nilipouliza, mwongozaji alinieleza hayo yote kwa ufasaha, kwa hiyo kinachokosekana si ujuzi.

Bei ni nafuu na Kiswahili chake ni safi, ingawa ukumbini hatukuingia na jua lilikuwa kali. Ombi langu kwa wenye kampuni ni kwamba muda unaotumika kueleza majengo ya njiani uhamishiwe kwenye mjadala wa Tabora, na kila mgeni aulizwe, kabla ya kupewa karatasi, kama yeye angeshiriki au angesusia.